Pikipiki Isiyomjua wa Nyuma

Ndugu zangu, wenye pikipiki na msio nazo, mnaopanda mbele na mnaopanda nyuma, leo mtanivumilia. Sikuja kuwachekesha. Nimekuja na hasira zangu, nimezibeba tangu nyumbani, na nisipozitua hapa mbele yenu nitaumwa. Habari ninayowapa ni ya nyumba moja tu, lakini msijifanye haiwahusu.

Nyumba yenyewe ilikuwa na amani yake. Mume fundi wa pikipiki, mke fundi wa nguo. Ukumbi wa mbele ulikuwa wa mke: cherehani mbili za miguu zimetazamana, moja yake, nyingine ya mdogo wake wa tumbo moja, na katikati meza ya kukatia vitambaa yenye chaki, futi na vipande vya nguo vya kila rangi. Ukishuka ngazi ya saruji unaingia uani, na ua ulikuwa wa mume: paa la mabati, sakafu iliyokunywa oili mpaka ikawa nyeusi, spana zimetundikwa ukutani, kubwa juu, ndogo chini. Asubuhi ungesikia cherehani zinakwenda huku, nyundo inagonga kule, na chai ya birika moja inapitishwa dirishani.

Mke alikuwa akivaa mkasi shingoni kwa utepe, kutwa nzima, hata akienda sokoni, ndiyo maana mtaa wote ulimwita Mama Mkasi. Mdogo wake aliitwa Chiriku, kwa sababu ya maneno. Binti yule aliongea hata akiwa amebana pini mdomoni. Lakini mguu wake juu ya pedali, nyie, acheni tu. Alikanyaga sawasawa, hapandishi wala hashushi, mshono unatoka umenyooka, na Mama Mkasi aliyemfundisha kazi alikuwa akimwachia yeye vile vitambaa laini vinavyoteleza. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimweka mjini, na aliipenda.

Sasa tumpe mume haki yake kabla sijaanza kumsema. Siku moja alikuja muuguzi mmoja, mwanamke mfupi, anayezunguka na dawa vijiji hadi vijiji. Kazini walikuwa wamempa pikipiki ndefu. Akisimama, anaisimamia kwa ncha za vidole. Akisimama kwenye mteremko, chini, yeye na dawa zake. Fundi akamkalisha juu ya ile pikipiki, akamzunguka, akajikuna kichwa. Akasema pikipiki hizi zimetengenezwa kwa ajili ya mtu mrefu ambaye hapa hayupo. Akashusha springi, akachonga siti, akakunja usukani umfuate yule dada mikononi. Muuguzi aliondoka miguu yote miwili ikigusa ardhi, anacheka peke yake. Baada ya hapo wakaja wengine: mwalimu mwenye kifundo kibovu cha mkono, binti anayeuza maziwa, kijana mwenye mguu mmoja mfupi. Kila mmoja fundi alimsikiliza, akampima, akamtengenezea. Vijana wakampa jina la Mbunifu, na wakati ule jina lilimstahili.

Tatizo la sifa ni kwamba zinanoga. Mtu mmoja akapiga picha za video, zikazunguka kwenye simu, na ghafla ua ukajaa vijana. Hawa hawakuja na mikono mibovu wala miguu mifupi. Walikuja na picha. Walitaka pikipiki kali, pikipiki ya kizazi kipya, isiyofanana na ile ya baba zao. Na Mbunifu, badala ya kuwapima watu, akaanza kupima picha.

Basi ikazaliwa staili iliyoitwa "mkato". Nitawaeleza mkato ni nini, ili msiseme sikuwaambia. Mkia wa pikipiki unapandishwa juu. Siti ya nyuma inachongwa mpaka inabaki kipande cha kukalia paka, tena kimeinama. Madigadi ya nyuma inakatwa. Kile chuma cha kushikia nyuma ya siti kinakatwa. Vikanyagio vya abiria vinapandishwa karibu na gurudumu, kwa sababu pale chini eti vinaharibu umbo. Na kava la cheni linatupwa kabisa, cheni ipakwe rangi ya dhahabu, ionekane inazunguka. Vijana walikuwa wakiizunguka pikipiki iliyokatwa hivyo wakishika vichwa kwa raha, na Mbunifu akisimama pembeni anafuta mikono kwa kitambaa, amevimba.

Makava ya siti alikuwa akishona Mama Mkasi. Siku ya kwanza alipoletewa siti ya mkato aliipima kwa futi, akaipima tena, akamuuliza mumewe mtu mzima atakaa wapi hapo.

Mbunifu akacheka. "Mteja wangu ni yule anayeshika usukani," akasema. "Wa nyuma hajaniletea pikipiki."

Yashikeni maneno hayo, maana ndiyo niliyoyafuata hapa. Mama Mkasi hakuridhika. Yeye ni mtu wa vitambaa, anajua tabia zao. Amewahi kuona pindo la gauni likidakwa na gurudumu la cherehani, na anajua kwamba kitambaa kikishikwa na kitu kinachozunguka hakiachiwi, kinavutwa chote mpaka kifike kwa mwenyewe. Alimwambia mumewe hivyo, na si mara moja. Alimwambia wanawake wa mtaa huu wanakaa upande, magauni yao yanafika vifundoni, na cheni iko wazi pale pale yanaponing'inia. Mbunifu akamjibu ashughulike na nyuzi zake. Vijana waliokuwepo wakacheka, na mama wa watu akarudi ukumbini, akakaa, akashona kava.

Hapo na yeye nina ugomvi naye, na nimeshamwambia usoni. Alijua, akasema, hakusikilizwa, halafu akashona. Alishona nyekundu, akashona nyeusi yenye uzi mweupe, akashona na ile ya bluu iliyokuwa ya Mswaki.

Mswaki ni dereva wa kijiwe cha pikipiki cha mtaani, kijana mwembamba, mpole, si mtu wa fujo. Alikuwa ndiyo kwanza amekabidhiwa pikipiki yake yenye mkato, hana hili wala lile, anataka tu watu waione. Asubuhi hiyo Chiriku alikuwa na mzigo wa mapazia wa kupeleka nyumba ya wageni. Mswaki akajitolea kumpeleka. Chiriku akapanda upande, kama alivyopanda maisha yake yote, gauni lake limefika vifundoni, furushi la mapazia mapajani, huku mdomo haujafunga, anamtania Mswaki kwamba siti yake ni nyembamba kuliko yeye mwenyewe.

Mama Mkasi alikuwa mlangoni. Aliuona mkono wa mdogo wake ukienda nyuma ya siti kutafuta pa kushika, ukapapasa, haukupata kitu, ukarudi kwenye furushi. Aliuona kabisa. Alitaka kuita, na mteja aliyekuwa akijaribu koti akamwambia bega linambana. Akageuka kulitazama bega.

Kelele zilitoka kwenye kona ya duka la dawa, hata mtaa hawajaumaliza.

Nasema hili kwa sauti, maana najua wengine mmeshaanza kumhukumu kijana: Mswaki hakuwa akienda kasi. Alikuwa akikata kona polepole, kama anavyotakiwa. Pindo liliingia kwenye cheni, cheni ikalivuta gauni, gauni likauvuta mguu, na mguu ukaingia kati ya spoki na chuma kinachoshika gurudumu. Hakukuwa na madigadi ya kuuzuia wala kikanyagio cha maana cha kuukalisha. Mtengenezaji wa kwanza, huko kiwandani, asiyetujua, aliweka kava la bati hapo. Fundi wetu anayetujua kwa majina ndiye aliyelitoa.

Na nani aitwe kumtoa binti kwenye gurudumu, kama si yule yule? Mbunifu alikuja mbio na spana mkononi. Akaona ni nani. Boliti aliyoifunga mwenyewe wiki ile ile ikamshinda kufungua. Spana ikamponyoka, akaiokota, ikamponyoka tena. Mswaki alikuwa ameishikilia pikipiki isimlalie Chiriku, analia wazi wazi. Mama Mkasi akapiga magoti kwenye lami, akavua mkasi shingoni, akalikata gauni la mdogo wake kutoka kiunoni hadi chini, barabarani, watu wote wanatazama, na akamwambia mumewe bila kupandisha sauti avute pumzi, afungue gurudumu.

Hospitali walifanya walichoweza. Mguu haukukatwa, tushukuru. Lakini kisigino kilikuwa kimepasuka na ule mshipa mnene wa nyuma ulikuwa umechanika, na daktari akawaeleza bila kuzunguka kwamba Chiriku atatembea, kwa gongo, na kwamba kukanyaga kitu kwa mguu ule kwa nguvu na kwa mpigo mmoja asitegemee tena. Chiriku akauliza kama daktari anajua cherehani ya miguu ni nini. Daktari akasema anajua. Tangu hapo yule binti wa maneno akanyamaza.

Sasa nikwambieni kilichonipandisha mori hasa. Aliporudishwa nyumbani, watu walikuja kumjulia hali. Wakakaa ukumbini, katikati ya cherehani, wakanywa chai, na wakaanza kutafuta mwenye makosa. Jirani akasema gauni lilikuwa refu mno. Mwingine akasema mabinti wa siku hizi hawakai wakatulia, pengine alikuwa akichezesha mguu. Mwenyekiti wa kijiwe cha pikipiki, mtu mzima na ndevu zake, akasema wanawake wafundishwe kupanda kama wanaume, wavae suruali, mambo yaishe. Na Mbunifu, aliyekaa pembeni ameinama, akatikisa kichwa kukubali, akasema kazi ya Mungu haina makosa.

Hakuna hata mmoja aliyeitaja pikipiki. Ilikuwa uani, imefunikwa turubai, imesafishwa.

Mama Mkasi alikuwa akipanga vikombe. Akaviweka chini. "Gauni lile nimelishona mimi," akasema. "Urefu wake nimeupima mimi, kwa futi hii. Mama yangu alivaa urefu huo, na mama zenu walivaa. Pikipiki ndiyo iliyoletwa kwetu ikatukuta tumevaa hivi. Kwa hiyo msinambie mwanamke ajipunguze ili chuma kipendeze. Chai yenu mmekunywa, nendeni."

Wakaondoka mmoja mmoja, wanatafuta viatu bila kuangaliana.

Ungedhani mambo yangeishia hapo, mtu amejifunza. Nyie hamjui sifa zinavyomshika mtu. Mbunifu aliacha kazi kwa muda, hali vizuri, halafu akaanza kurudi uani kidogo kidogo. Akaja kijana mmoja na pikipiki mpya na picha yake kwenye simu, anataka mkato. Mbunifu akamwambia bora abaki na kava. Kijana akasema basi, ataenda kwa fundi wa barabara ya juu. Na Mama Mkasi, akiwa ukumbini anamsaidia mdogo wake kuvaa soksi juu ya bandeji, akasikia mashine ya kukatia chuma inalia.

Hakutoka kugombana. Alichukua kitambaa kutoka kwenye rafu, cha kijani, akakikunjua mezani. Kwa mumewe hakuhitaji futi, vipimo vyake anavijua kichwani. Akakata gauni la mtu mzima mwenye mabega mapana, likafika vifundoni. Akalishona bila kuinua kichwa. Mashine ya uani iliponyamaza, akashuka nalo ngazi.

Pikipiki ilikuwa tayari, cheni inang'aa. Kijana mwenyewe yupo, na madereva wa kijiweni wamekuja kuangalia kazi, Mswaki amesimama nyuma yao. Mama Mkasi akamwambia mumewe kwamba tangu leo kila pikipiki atakayoikata, kabla haijatoka, atavaa gauni hilo, atakaa nyuma, upande, na ataendeshwa mpaka sokoni na kurudi. Akirudi mzima, amkabidhi mwenyewe.

Madereva wakacheka mpaka wengine wakashika ukuta. Mbunifu naye akajaribu kucheka, kicheko kikamkauka. Akamsogelea mkewe, akamwambia kwa sauti ya chini, "Unanidhalilisha mbele za watu."

"Mdogo wangu nilimvua nguo barabarani kwa mkasi, watu wakitazama," Mama Mkasi akasema. "Wewe nakuvisha."

Vicheko vikakatika. Mbunifu akaona hana pa kupenya. Akaingiza kichwa, akaingiza mikono. Likamkaa sawasawa, fundi wake ni fundi. Akapanda nyuma, upande. Siti ikamteremsha, akajivuta juu, ikamteremsha tena. Akatafuta pa kuweka miguu, kikanyagio kiko juu mno, magoti yakamkaribia kidevu, akaiacha miguu ining'inie. Mkono ukaenda nyuma ya siti kutafuta kile chuma. Alikikata yeye mwenyewe asubuhi hiyo.

Mama Mkasi akamtaka Mswaki aendeshe. Kijana akakataa, akasema hataki kushika pikipiki ya namna ile tena. Basi yule mwenye nayo akapanda, akawasha, akaondoka polepole kuelekea getini. Upepo mdogo tu ukaingia chini ya gauni, likavimba, pindo likaruka upande wa cheni. Mbunifu akaliona. Akalidaka kwa mkono mmoja, likamponyoka, akalidaka kwa yote miwili, na sasa hana mkono wa kujishikia. Akaanza kuteleza. Akapiga kelele, sauti nyembamba, ya mtu aliyekwisha kuona mauti, simama, simama, na kabla kijana hajakanyaga breki, fundi akawa chini, amekalia oili yake. Hata getini hawakufika.

Hakuumia. Lakini pindo la gauni lilikuwa limeng'atwa na cheni, limechanika, na grisi nyeusi imeacha alama za meno. Mbunifu akalivuta mapajani, akaliangalia muda mrefu. Akamwambia kijana hawezi kumpa pikipiki hiyo mpaka ameirudishia kila kitu. Kijana akaona anachezewa. Akaichukua vile vile ilivyo, akaenda zake. Nasikia bado anaiendesha, na bado anapakia abiria nyuma.

Mbunifu akafunga mkato. Sasa alianza kazi nyingine, na alikuwa mtu wa kujua kazi akitaka. Akatengeneza kava pana linalofunika cheni yote, akaweka wavu wa chuma kuzuia nguo isifike kwenye spoki, akaweka ubao wa kukanyagia, chini, mpana, unaotosha miguu miwili ya mtu aliyekaa upande, na mshikio ubavuni pa siti. Siti akairudisha kuwa siti. Akatangaza. Vijana waliokuwa wakijazana uani wakaja, wakatazama, wakasema hiyo ni pikipiki ya bibi, wakapanda barabara ya juu. Wakabaki wachache: Mswaki, yule muuguzi, na dereva mmoja mwenye mabinti watatu.

Alipomaliza ya kwanza aliisukuma mpaka chini ya dirisha la ukumbi. Chiriku alikuwa amekaa hapo, gongo limeegemea ukuta, anashona vifungo kwa mkono, maana ndiyo kazi aliyobaki nayo. Cherehani yake ilikuwa imefunikwa kitambaa. Mbunifu akasimama dirishani, ameshika kofia yake kwa mikono miwili, akaanza kueleza kava, wavu na ubao, akaeleza haraka haraka kama anayeogopa kukatizwa. Kisha akasema, "Shemeji, njoo ukae kidogo tu. Uniambie kama miguu inafika, na kama mshikio uko mahali pake au niusogeze."

Chiriku akachomeka sindano kwenye kitambaa. Akaitazama pikipiki kwa makini, mbele mpaka nyuma, maana alikuwa mtu wa kazi na alijua kazi nzuri akiiona.

"Ni swali zuri, shemeji," akasema. "Nilikuwa napita hapo uani kila siku kwa miguu yangu. Hukuniuliza."

Akachomoa sindano, akaendelea na vifungo. Mbunifu alisimama pale dirishani mpaka chai aliyopitishiwa na mkewe ikapoa.

FUNZO

Sitawazungusha. Fundi, unayetaka kutengeneza pikipiki ya kizazi kipya, itengeneze, nani kakukataza? Ishushe, ikunje, ipake rangi unayotaka. Lakini kabla hujashika chombo cha kukatia, mwite atakayekaa nyuma. Mwite mama mwenye gauni, mwite mjamzito, mwite mzee mwenye goti bovu, wakae juu yake, wakwambie. Kama unaona haya kuwauliza, kaa wewe, ukiwa umevaa walivyovaa wao.

Dereva, pikipiki yako ni nzuri ikiwa aliyepanda nyuma ameshuka na viungo vyake vyote.

Abiria, ukiona cheni iko wazi, usipande. Utachekwa, chekwa, halafu tembea kwa miguu yako.

Na ninyi mnaoketi kwenye vikao na vikombe vya chai mkipima urefu wa gauni la binti aliyeumia, ninyi ndio mnaonikera kuliko wote. Nendeni uani mkafunue turubai, mkaitazame hiyo pikipiki.